Masika Yuko Wapi?

Hulda hakuwahi kukaa kitini mpaka kiti kikapata joto. Hata kwenye mashine yake ya kushona, pale Beni, alishona mstari mmoja, akainuka, akatoka nje kumwangalia mtoto, akarudi, akashona mwingine. Sare za shule alizoshona zilikuwa na mshono safi, ila zote zilichelewa, na mtaa mzima ulijua sababu: paji la uso la Kavuo lilikuwa limeguswa mno siku hiyo. Wakampa jina la Mama Thermomètre, yaani kipimajoto. Alilisikia, akanuna, kisha akaendelea kugusa.

Kavuo alikuwa bintiye wa pekee, anakaribia kuanza shule. Alikuwa mpole, mwenye macho makubwa na mikono myembamba, na nywele zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi pembeni. Akina mama wengine walimletea Hulda magauni ya binti zao wakisema, "Ongeza hapa, amekomaa." Gauni la Kavuo ndilo pekee lililoingia kwenye mashine ile ili lipunguzwe. Hulda alilikunja ndani, akapiga mshono juu ya mkunjo, na kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikiacha humo humo ndani, akijiambia kwamba iko siku.

Halafu kulikuwa na shida ya jina. Kwa Wanande jina la mtu linakuambia alizaliwa wa ngapi kwa mama yake, na hata aliyekufa kabla hajalia anahesabiwa. Binti wa kwanza ni Masika. Kavuo ni jina la mtoto wa nyuma, mwenye dada mbele yake. Basi kila mgeni aliyeingia kwa Hulda akasikia mtoto akiitwa, alitazama pembe za nyumba, akatazama mlangoni, kisha akauliza kwa adabu:

"Na Masika iko wapi?"

"Alikufa," Hulda alijibu, akakanyaga mashine kwa nguvu ili mazungumzo yasisikike.

Na kitanzi hicho alijitia mwenyewe. Siku mtoto alipozaliwa, mkwewe Mariette, bibi ambaye wote walimwita mukaka, ndiye aliyempokea kwa mikono yake, kwa sababu wakati ule vita vilikuwa vimefunga karibu kila mlango wa dispensari. Mukaka alimfuta mtoto, akamwinua, akasema kwa furaha, "Masika amefika." Hulda, bado amelala, hata jasho halijakauka, akasema, "Hapana. Ni Kavuo." Baadaye, walipobaki peke yao, mumewe Josaphat, fundi wa baiskeli na mtu wa mizaha, alijaribu kumsaidia.

"Mais, nani alikuambia bale bengine balikuwa babinti? Kama balikuwa baboyi, huyu ni Kahindo."

Kweli, msichana anayekuja nyuma ya wavulana huitwa Kahindo, na Josaphat alidhani amesema jambo la akili. Hulda alimtupia jicho ambalo lilimfanya aende uani kutengeneza baiskeli isiyokuwa na ubovu wowote.

Hao "wengine" walitoka Kampala. Hulda alikuwa ameolewa miaka mingi bila kushika mimba. Wanawake wa kanisani walimfungia maombi, wakamwekea mikono tumboni, wakamwonea huruma kwa sauti ya juu. Yeye alikuwa akienda Kampala kununua vitenge, na safari moja, mwaka 1996, aliingia kliniki bila kumwambia mtu ila Josaphat. Wakamchoma sindano za kuivisha mayai, siku baada ya siku. Aliporudi safari iliyofuata, daktari akampitishia kile kifaa chao tumboni, akatazama kioo, akakunja uso, kisha akaonyesha vidole vitatu. Daktari alikuwa na wasiwasi. Hulda alicheka mpaka nesi akamshika bega.

Lakini kabla ya kuondoka aliuliza. Ndivyo alivyokuwa, hata furaha hakuiacha itulie. Watoto wa sindano hizi, aliuliza, wakikua wanakuwaje? Daktari alikuwa mtu mkweli, hakukurupuka kujibu. Alisema, nesi akitafsiri, kwamba wengi wanaojulikana wako sawa na watoto wengine. Wanaobanana tumboni huzaliwa wadogo na kabla ya wakati, hilo linajulikana. Lakini hata wale wa kwanza kabisa hawajazeeka bado, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwapia watakuwaje mbele. "Ukijifungua, walete niwaone kabla hawajaanza shule." Ni jibu zuri, mimi ningelala usingizi juu ya jibu hilo. Hulda alitoka nalo nusu tu: hakuna anayeweza kumwapia.

Kisha vita vikaja. Mwisho wa mwaka ule askari waliokuwa wanashindwa walipita Beni wakipora mpaka masufuria yenye maharagwe ndani. Hulda alikimbia na mimba yake. Aliruka mitaro, akalala kwenye migomba mvua ikimnyeshea, akakimbia tena. Njia ilipofunguka alirudi Kampala, na safari hii kwenye kioo alikuwemo mmoja tu.

Daktari alieleza kwa Kiingereza, kwa upole, akifungafunga viganja kama anayekunja kitu laini. Nadhani alisema kwamba mwili umewarudisha, umewanyonya taratibu kama unavyonyonya damu iliyovilia. Nesi wake alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Alitafuta neno, akatazama dari, akalipata.

"Hii moja ilikula zile mbili," akasema.

Neno hilo lilipanda basi pamoja na Hulda, likavuka naye mpaka wa Kasindi, likalala naye kitanda kimoja. Akawa na hofu mbili zisizoelewana: kwamba sindano zimemharibu mtoto aliyebaki, na kwamba mbio zake mwenyewe ndizo zilizowaua wale wawili. Hofu moja ikilala, nyingine inaamka. Na wa kumwambia hakuwepo, maana mtoto alipozaliwa kanisa zima lilishukuru kwa maombi yaliyojibiwa. Angesimama kati yao aseme ni sindano, maombi yote yale wangeyapeleka wapi?

Mara moja tu alilisema lile neno kwa sauti. Ilikuwa mchana wa mvua, Kavuo ana miaka minne, yuko chini ya meza ya mashine akicheza na vipande vya vitambaa. Josaphat alikuwa ameuliza mbona mke wake analia juu ya sare ya mtoto wa watu. Akamwambia: ile siku Kampala, nesi aliniambia kwamba huyu alikula wenzake. Josaphat akamwambia aache. Mvua ikaendelea, na chini ya meza hakuna aliyeangalia.

Toka msimu ule Kavuo akaanza kukonda. Hulda alimpeleka kwa Ananie, mwuguzi wa kituo cha afya cha jirani, ambaye kama ilivyo kwetu kila mtu alimwita docta. Alimpeleka mara nyingi mno, mpaka Ananie akawa anaijua hodi yake. Ananie alipima malaria, akapima minyoo, akapima sukari, akafunua kope na kutazama ndani. Hakuona kitu. Kisha, mwaka 2002 unakaribia kwisha, Kavuo akaanguka kanisani katikati ya wimbo, akapoteza fahamu kwa muda mfupi.

"Mama Kavuo, mutoto huyu hapana kula," Ananie alisema.

"Anakulaka, Docta. Sahani inarudiaka kavu."

Na hakusema uongo. Kavuo alipenda kuchukua sahani yake ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaenda nayo nyuma ya jiko la mukaka, kwenye migomba, na aliirudisha imekwanguliwa. Tena kumkodolea mtu macho mdomoni akila si adabu. Saa ya chakula ndiyo saa pekee ambayo Hulda aliweza kushona mistari miwili bila kuinuka, kwa sababu alijua kwamba mtoto anayekula hajafa. Nyuma ya jiko hilo palikuwa pia na kuku wa mukaka, wanene ajabu, sifa ya mtaa.

"Na mimba yake ilikuwa namna gani?" Ananie akauliza. "Kuko dawa ulikunywa? Sindano?"

"Hapana," Hulda akasema haraka. Hapo ndipo aliposema uongo, na mwuguzi akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaandika vitamini.

Njiani kurudi alikata kauli: Kampala. Daktari alisema kabla ya shule, na shule ndiyo hiyo. Josaphat alimwambia barabara ya Kasindi imejaa basoda, askari wanaoteremsha watu na kuwavua hata viatu. Hulda akasema atakwenda pekupeku. Walibishana wiki nzima, wakapatana wangoje Noeli ipite.

Noeli ilipita, wakaja wakimbizi kutoka Mambasa. Waliingia Beni wakiwa wamevimba miguu, wengine wamebeba godoro, wengine hawana hata kikombe, na waliyosimulia kuhusu askari waliokuwa nyuma yao sitayarudia. Ikasemwa wamefika karibu. Ikasemwa si kweli. Siku iliyofuata ikasemwa tena, na asubuhi hiyo nusu ya mtaa ilikuwa barabarani kuelekea Butembo, ambako dada yake Josaphat alikuwa na nyumba, mtaa wa Mususa. Josaphat alifunga kichwa cha mashine ya kushona kwenye baiskeli, na gunia la nguo juu yake. Kuku hawakubebeka, wakaachwa.

Hulda alisimama njia panda na mtoto mkononi, hataki kusogea. Kusini ilikuwa Butembo. Mashariki ilikuwa Kasindi, na nyuma ya Kasindi alikuwepo mtu mmoja tu duniani anayejua Kavuo ametengenezwaje.

"Nikienda Butembo mutoto atanifia mukononi," alimwambia Josaphat.

"Ukienda Kasindi mutakufa mbili," Josaphat akajibu, na safari hii hakukuwa na mzaha.

Mukaka Mariette hakujua wanabishania nini. Alimshika Kavuo mkono mwingine, akaanza kutembea kuelekea kusini, na Hulda, kwa kuwa hakuuachia ule mkono wa pili, akajikuta anatembea.

Walilala kwenye kanisa la njiani, wamebanana na wageni. Siku ya pili Kavuo alitembea kidogo tu, kisha miguu ikalegea. Hulda akamfunga mgongoni kwa kitenge, na alivyomwona mwepesi akaingiwa na hasira na kila mtu: na askari, na daktari, na Mungu wa wale wanawake wa maombi. Yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu kinywani tangu Beni. Mlima ulipoanza, karibu na Maboya, walitua mizigo. Mwanamke mmoja wa nyumba za kando ya barabara alitoka na sufuria ya viazi vitamu, akawa anawagawia wanaopita, akampa Hulda vitatu. Hulda alivitia vyote mikononi mwa Kavuo.

"Kula yote."

Kavuo akaitikia, akashuka kidogo kando ya barabara, penye majani, akawapa watu mgongo. Josaphat alikuwa anakaza kamba. Mukaka alikuwa anajikanda goti. Mtu mwingine angekaa chini apumzike. Hulda alikaa, akainuka, akamfuata mtoto.

Alimkuta amekula kiazi kimoja. Viwili alikuwa ameviweka juu ya jani pana, akavifunika kwa jani jingine, na sasa alikuwa anatafuta kijiwe cha kuzuia upepo.

"Unafanya nini hapa?"

"Naachia Masika," Kavuo akasema. "Na ule ingine."

"Masika gani?"

"Wa kwetu. Miye nilibakula." Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja jina lake. "Uliambiaka papa. Nilikuwa chini ya mashini."

Hulda akachuchumaa pale pale kwenye majani.

"Na kwetu, Beni? Ile sahani?"

"Naachiaka nyuma ya jiko ya mukaka. Banakuyaka kukula. Banamalizaka yote."

Miaka yote ile Hulda alikuwa ametafuta ugonjwa ndani ya damu, ndani ya mifupa, ndani ya zile sindano. Mtoto alikuwa na njaa. Alikuwa anaishi kwa theluthi ya sahani yake, analipa deni la dada zake kila mchana, kwa sababu ya neno la nesi asiyejua Kiswahili, na jina ambalo mama yake alimpa ili awe mkweli kwa wafu. Hulda aliweka kitenge mdomoni akalia ndani yake. Halafu akajifuta, akamwita Josaphat, akamwita mukaka. Aliona kwamba akingoja hata kidogo atapata sababu ya kunyamaza.

"Mama," alimwambia mkwewe, "mimba ya Kavuo ilikuyaka na sindano ya docteur wa Kampala. Balikuwa tatu. Kisha nikakimbia basoda, bili bakapotea. Miye nilificha. Sasa mutoto anazania ni yeye alibakula, anabaachia chakula, donc anakufa na njaa."

Watu waliendelea kupita barabarani na mizigo yao. Josaphat alifungua mdomo, lakini mukaka alimnyamazisha kwa mkono. Kikongwe yule aliteremka taratibu, akapiga goti lake bovu mbele ya mjukuu wake.

"Kavuo, fungua kinywa."

Kavuo akafungua.

"Haya meno, ulizaliwa nayo?"

"Sijue."

"Miye najua. Miye ndiye nilikupokea. Nilitia kidole hii ndani nikutoshe uchafu." Akamwonyesha kidole chenyewe, kilichopinda. "Kulikuwa ufizi tu. Uliikamata ukaanza kunyonya. Sasa uniambie, mutu hana meno anakula mutu namna gani?"

Kavuo alitia kidole chake mwenyewe kinywani. Jino moja la mbele lilikuwa linatikisika, akalisukuma, akafikiri.

"Na Masika?"

"Masika naye hakukuwa na meno. Bote bili."

"Hapana ata moja?"

"Ata moja."

Alifikiri tena, na uso wake ukaanza kubadilika. Si furaha iliyokuja, ilikuwa hasira.

"Donc ni nani anakulaka bugali yangu?"

"Kuku ya mukaka," Josaphat akasema, na sauti ikamkatikia, haijulikani kama ni kicheko au kilio.

Kavuo alifunua jani. Alichukua kiazi cha Masika akakila na ganda lake, bila kumtazama mtu, kwa hasira ya mtu aliyeibiwa muda mrefu. Hulda safari hii alikodoa macho, adabu au si adabu. Alitazama kila tonge linavyoshuka kooni. Kiazi cha mwisho Kavuo alikishika, akakigeuza, akamtazama mama yake.

"Weye ulikula?"

Mtoto akamtilia Hulda kile kiazi mkononi, na kwa kuwa wote watatu walikuwa wanamwangalia, ikambidi ale.

Walipokuwa wanapanda mlima mukaka alitembea kando ya Hulda mpaka mizigo ikatulia mabegani.

"Ile sindano nilijua," akasema. "Mwaka ule ulitoka Kampala na bitenge tatu. Mutu anaenda mbali vile juu ya bitenge tatu?"

"Juu ya nini hamukusema, Mama?"

"Nilingoja useme weye. Na maombi nilifanya pia. Nani alikuambia Mungu hajue sindano?"

Beni haikuguswa wiki ile, lakini walikaa Mususa miezi. Sitadanganya kwamba Hulda alipona kabisa. Lile la daktari lilibaki vile vile, kwamba hakuna anayeweza kuapa Kavuo atakuwaje akiwa mama au bibi, na bado kuna usiku aliamka akamgusa paji la uso. Lakini alifumua gauni. Mikunjo yote aliyoikunja ilikuwemo ndani, kitambaa chake bado kipya kwa sababu hakijaona jua, na alikiachilia mkunjo mmoja, kisha baada ya mvua nyingine mkunjo wa pili.

Alimpeleka Kavuo kituo cha afya cha pale jirani kabla ya shule kufunguliwa. Mwuguzi alikuwa mama mtu mzima, mwenye haraka. Aliuliza kama mtoto aliwahi kuwa na tatizo lolote.

"Ni mutoto wa sindano," Hulda akasema, na watu wote wa kwenye foleni wakasikia. "Docteur wa Kampala alinisaidia kubeba mimba. Alisema bamuangalie akiwa anakomaa. Basi mumuangalie."

Mwuguzi aliinua macho, akayarudisha kwenye kadi. "Jina?"

"Kavuo."

Alikuwa Mnande naye, ilibidi aulize. "Na Masika iko wapi?"

Hulda alivuta pumzi. Kavuo, juu ya mizani, na pengo mbele ya kinywa, akamtangulia.

"Hakukuwa na meno," akasema, akageuka kuuliza kama wakitoka hapo watakwenda kula.

Mwuguzi alimtazama mama kutaka maelezo. Hulda alikuwa anacheka, kitenge mdomoni, machozi yakimtoka, na hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi tangu walipofika, na mbao zilikuwa zimepata joto.